Popo wa Pemba na Wenyeji Wake



Mazungumzo yetu ya usiku wa leo yanamhusu kiumbe ambaye watu wa Pemba humjua kwa masikio tangu utotoni kabla hawajapata kumtazama sawasawa kwa macho, maana mchana kutwa huning'inia kichwa chini katika vilele vya miti mirefu, amejifunika mbawa zake kama aliyejitanda kanga, na usiku hupita juu ya mapaa kwenda kutafuta maembe na mashelisheli, watu wakasikia tunda likianguka na makelele ya kugombania tawi, kisha wakajigeuza upande wa pili wakaendelea na usingizi wao. Huyo ni popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, na natumai hamtaona kuwa nawapotezea wakati kwa kumleta mbele yenu, kwa sababu katika habari ya kunusurika kwake mna funzo ambalo, kwa maoni yangu, halijitokezi wazi namna hiyo katika habari ya mnyama mwingine yeyote wa visiwa vyetu: jirani yake ndiye aliyemtia katika hatari ya kutoweka, na jirani yake huyo huyo ndiye aliyekuja kumwokoa.

Kwanza tumjue ni nani. Popo huyu hapatikani mahali pengine popote katika dunia ila Pemba, kisiwa ambacho eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,000. Wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909 na mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Matschie kwa kumheshimu Mjerumani mwenzake, Alfred Voeltzkow, aliyesafiri katika bahari hii yetu mwanzoni mwa karne ya ishirini akikusanya wanyama na mimea. Ana uso mrefu na macho makubwa, manyoya yake ni mekundu ya kahawia na mbawa zake nyeusi, na akizinyoosha mbawa hizo upana wake hufika mita moja na nusu na kuzidi, ingawa uzito wa mwili wake ni kiasi cha nusu kilo tu. Tafauti na wale popo wadogo wala wadudu, ambao hujua njia yao gizani kwa mwangwi wa sauti zao, huyu hutegemea macho na pua, na usiku wenyewe kwake si giza.

Nasaba yake ni ya ajabu. Jamaa zake wa karibu wako Bukini, yaani Madagaska, wako visiwa vya Komoro, wako Ushelisheli na Morisi, wako hata Mafia. Na wengine wengi wametawanyika Bara Hindi, Malaya na visiwa vya mashariki hadi Australia. Lakini katika bara la Afrika lenyewe, ambalo si zaidi ya kilomita 50 au 60 kutoka Pemba, hakuna hata mmoja wa jinsi yake. Ndiyo kusema kwamba watangulizi wa popo huyu walifika kwetu kutoka upande wa mawio, wakiruka kutoka kisiwa hadi kisiwa katika zama ambazo hakuna mwanadamu aliyezishuhudia, wakafika Pemba, wakatua, na hawakuvuka kwenda ng'ambo ya pili. Na Pemba yenyewe si kisiwa kama Unguja. Bahari iliyo baina ya Unguja na Mrima, yaani pwani ya bara, ni ya kina kifupi, na wataalamu wa ardhi wanatueleza kwamba palikuwa nchi kavu mpaka mwisho wa zama za barafu, yapata miaka elfu kumi iliyopita, na kwa ajili hiyo Unguja ilikuwa na chui, na ina kima na paa ambao ndugu zao wako bara. Lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kisiwa hicho kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Kwa hivyo wanyama wa Pemba ni wachache, na katika hao wachache wamo walio wake pekee: bundi wake mdogo, ninga wake, chozi wake, na huyu popo.

Kiumbe aliyejitenga hivyo hana akiba mahali pengine. Akipotea tembo wa mbuga moja, Mungu apishe mbali, tembo wa mbuga nyingine huweza siku moja kurejeshwa pale alipotoweka mwenziwe. Lakini popo wa Pemba akitoweka Pemba, ametoweka duniani, na hapana fedha wala elimu itakayomrudisha.

Naye hakai kisiwani bure bila ya kazi. Popo mla matunda halili tunda zima mahali alipolichuma. Aghalabu hulichukua kwa meno akaenda kulila kwenye mti mwingine, akakamua utomvu na maji yake, akatema makapi, na kokwa akaiangusha mbali na mti mama. Na zile mbegu ndogo ndogo, kama za mikuyu, huzimeza zikatoka katika kinyesi chake wakati anaruka, zikaanguka mahali ambapo upepo usingezifikisha. Aidha, yako maua katika mwambao huu yanayofunguka usiku, ya mbuyu na ya msufi, ambayo hayawatazamii nyuki wa mchana, na popo anayekuja kutafuta utamu wake huondoka na unga wa ua kifuani akaupeleka katika ua la mti mwingine, na hivyo mti ukazaa. Katika kisiwa kisichokuwa na wanyama wakubwa wa kubeba mbegu, na ambacho ndege wake ni wachache, naona si haba kusema kwamba kila msitu mdogo unaojichipuza wenyewe katika shamba lililoachwa umepandwa kwa sehemu kubwa na popo.

Sasa ni kitu gani kilichomfikisha karibu na mauti? Sababu ya kwanza ni ya zamani kuliko sisi sote. Kisiwa ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita cha kijani kilikuwa kimefunikwa na misitu, lakini tangu Sultani Sayyid Said alipoamrisha mikarafuu ipandwe katika karne ya kumi na tisa, na hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangamiza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, ardhi ya Pemba ilisafishwa bonde kwa bonde na kilima kwa kilima, mpaka kisiwa kikawa ndicho kitoacho karafuu nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, na msitu wa asili ukabaki vipande vipande, kikubwa kati ya hivyo kikiwa ni Ngezi, huko pembe ya kaskazini magharibi. Siwalaumu wazee wetu. Karafuu ilisomesha watoto, ikajenga misikiti na nyumba za mawe, ikawapeleka watu Hija. Lakini lazima tukiri kwamba popo hakuulizwa, na kwamba mkarafuu hauwi kwake makao ya mchana kama ulivyokuwa mti mkubwa wa msituni.

Sababu ya pili ni uwindaji. Wapemba walikuwa wakimla popo tangu zamani, wakimtega kwa nyavu na kwa ulimbo uliopakwa katika miti ya matunda, na uwindaji wa namna hiyo, kwa kuwa ulikuwa wa taabu na wa kungojea msimu, haukumaliza kizazi chake. Balaa lilikuja na bunduki ya marisau. Mtu mmoja mwenye bunduki, akisimama mchana chini ya mti ambao popo mia mbili wamelala, huweza kwa risasi chache kuwaangusha wengi ambao hakuwahitaji wote, na waliosalia hukimbia wakauhama mti huo wakatafuta mwingine, na kule nako wakafuatwa. Na hapa ndipo penye siri ya udhaifu wake: popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, akambeba kifuani wiki za mwanzo kila anakokwenda, na akipigwa mama amekufa na mtoto. Panya wakiuawa elfu leo, baada ya miezi michache wamerudi kama walivyokuwa. Lakini popo wakiuawa elfu, pengo hilo halizibiki ila kwa miaka mingi ya utulivu, na utulivu huo hawakuupata.

Mwaka 1989 wachunguzi waliokwenda Pemba kumtafuta walimwona kwa shida, wachache mno, hata ikadhaniwa kwamba siku zake zimekwisha. Uchunguzi wa miaka ya 1990, uliofanywa kwa subira zaidi na kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe, ulionyesha kwamba walibaki elfu chache, wengi wao wakiwa wamejikusanya katika makao machache mno, na mwaka 1996 akaandikwa katika daftari la dunia la viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Wasikilizaji, naomba sasa tuangalie kwa makini yaliyofuata, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wachunguzi walipoandika orodha ya miti ambayo popo walibaki wakilala, waligundua kwamba mingi haikuwa katika misitu ya serikali; ilikuwa karibu na watu, na baadhi yake ilikuwa katika makaburi ya zamani, mivumo na mikuyu na miti mingine mikubwa ambayo hapana mtu aliyethubutu kuitia shoka kwa kuchelea wazee waliolala chini yake. Heshima kwa wafu ilikuwa imewalinda walio hai. Hapakuwa na bango wala mlinzi wala faini. Palikuwa na ile haya ya mtu kukata mti uliomfunika babu yake, na haya hiyo ilifanya kazi ambayo sheria nyingi za mistari mirefu hazikuweza kuifanya.

Juu ya msingi huo ndipo kazi ilipojengwa. Idara ya misitu, ikisaidiwa na jumuiya ya Fauna & Flora International ya Uingereza, haikuanza kwa kuwafukuza watu; ilianza kwa kwenda vijijini, skulini na misikitini kueleza kwamba huyu wanayemwona kila siku haonwi na mtu mwingine yeyote duniani, na kwamba yuko mikononi mwao. Habari hiyo peke yake iliwagusa watu. Mtu aliyekuwa akidhani popo wamejaa kila nchi, akaambiwa kwamba wako hapa kwao tu na hawako kwengine, huanza kumtazama kwa jicho jingine, kwa sababu sisi binadamu tuna wivu wa kilicho chetu. Zikaundwa jumuiya za vijiji za kulinda popo, wakachaguliwa watu wa kuangalia makao yao, bunduki zikakatazwa, na wawindaji wengine waliokuwa mahodari wa kuwajua popo wakawa ndio walinzi wao wa kwanza, kwa kuwa hapana ajuaye njia za kiumbe kuliko yule aliyezoea kumvizia. Kijiji cha Kidike, si mbali na Chake Chake, kilipata sifa zaidi ya vingine, maana wanakijiji wake walianza kuwapokea wageni wanaokuja kuwaona popo, wakawatoza ada ndogo, na fedha hiyo ikaingia katika mambo ya kijiji chenyewe. Na Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, ilikuwa tayari imeufungua mlango kwa kuruhusu jamii za vijiji zipewe misitu yao ziisimamie kwa mapatano na serikali.

Natija yake? Hesabu iliyofanywa mwaka 2007 ilikuta popo yapata 20,000 katika kisiwa, na mwaka 2008 jina lake likashushwa kutoka daraja ya hatari kubwa kabisa likawekwa katika daraja iliyo nafuu zaidi, ya viumbe vilivyo rahisi kudhurika. Katika dunia ambayo daftari hilo kila mwaka hupandisha majina mengi na kushusha machache, jambo hili ni la kutukuzwa, na limefanyika kwa mali kidogo, katika kisiwa cha watu wasiokuwa matajiri, ndani ya muda usiotimia miaka ishirini.

Si Kidike peke yake. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, katika kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wavuvi wa vijiji vingi hukitegemea kwa dago na kwa samaki, maulamaa walishirikishwa katika kuwaeleza wavuvi wajibu wa Mwislamu kwa viumbe na kwa bahari, na watu ambao hawakushughulishwa sana na makatazo ya ofisini walisikiliza walipoambiwa na watu wa dini yao kwamba kuharibu mwamba wa matumbawe ni kufanya ufisadi katika ardhi aliyoiumba Mola. Misali imekuwa na heshima ya kidini tangu zamani kwa ajili ya simulizi za Nabii Hidhri kusali pale, nami sioni kwa nini heshima ya namna hii, iliyokwisha kuwapo katika nyoyo za watu, iachwe kando na badala yake yatafutwe maneno mapya ya kigeni ambayo mvuvi hayafahamu.

Lakini mila haina budi kuelekezwa pema, kwani mila hiyo hiyo ikielekezwa pabaya huua. Ushahidi wake ni chui wa Unguja. Chui huyo, mdogo wa umbo kuliko wa bara, na mwenye madoa yaliyosongamana, aliishi katika vichaka vya kusini na mashariki ya kisiwa tangu Unguja ilipotengana na Mrima. Watu waliamini kwamba chui wengine walifugwa na wachawi na kutumwa kudhuru, na katika miaka ya 1960 itikadi hiyo iligeuka kuwa vita ya dhahiri dhidi ya wachawi na chui wao kwa pamoja, chui wakauawa kwa ari kubwa mpaka mwisho wa karne wataalamu waliomtafuta wakakata tamaa ya kumwona akiwa hai kwa idadi ya kuweza kuendeleza kizazi. Anayetaka kumwona leo hana budi kwenda katika nyumba ya makumbusho ya Unguja, amtazame aliyejazwa baada ya kufa. Alikuwa hana mtu wa kumtetea miongoni mwa majirani zake, na sheria isiyokuwa na jirani wa kuisimamia haina mikono.

Kima punju, jirani wa chui huyo, alikuwa na bahati iliyo bora. Yeye naye hapatikani kwa asili ila Unguja, na wakulima walimchukia kwa kuwa hula vidaka vya minazi, wakaamini kwamba kila kidaka anachokila ni nazi iliyopotea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta jambo ambalo hapana aliyelitazamia: katika minazi ambayo kima walikula vidaka, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi, pengine kwa sababu mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe, kima akivipunguza, vilivyobaki hupata nguvu. Kwa ajili ya elimu hiyo, na kwa ajili ya sehemu ya ada za wageni wa msitu wa Jozani inayorudi kwa vijiji vilivyo jirani, na kwa matuta yaliyowekwa katika barabara inayopita pale ambapo magari yalikuwa yakiwagonga kila mara, kima punju ameendelea kuishi. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa mwaka 2004, na hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Paa nunga, kwa masikitiko, bado yuko mashakani kisiwani Unguja, maana nyama yake ni tamu na mbwa wa wawindaji hawasomi sheria, ingawa tunashukuru kwamba misitu ya Boni na Dodori, upande wa Lamu, imeonekana kuwa nao wengi.

Ikiwa kuna anayedhani kwamba habari ya popo wa Pemba ilikuwa sahali na ingalitokea popote, namwomba atazame Morisi. Kisiwa kile kina popo wake, jamaa wa huyu wetu. Mmoja wa jinsi zake alikwisha kutoweka kabisa katika karne ya kumi na tisa. Aliyebaki alizozana na wenye mashamba ya matunda, hasa ya lichi, na serikali, chini ya shinikizo lao, mwaka 2015 na mwaka 2016 iliamuru wapigwe risasi, wakauawa kwa makumi ya maelfu. Na mwaka 2018 popo huyo akapandishwa katika daraja ya walio hatarini. Sisemi kwamba wakulima wa Morisi hawakupata hasara. Tunda likiliwa ni la mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kulalamika. Nasema kwamba pale mkulima na popo walikabiliana bila ya kuwapo baina yao kitu cha kuwapatanisha, wala mila wala faida, na ikafika zamu ya bunduki kuamua. Pemba nako popo hula maembe ya watu, lakini hapakuingizwa risasi katika shauri hilo.

Nimesema popo amenusurika, sikusema amesalimika. Wakazi wa Pemba sasa ni zaidi ya nusu milioni, na kila mmoja anahitaji kuni, ubao na mahali pa kujenga. Bei ya mbao hupanda, na mti mkubwa uliozaa miaka mia moja huangushwa kwa msumeno wa mota ndani ya saa moja, ukalipa karo ya mtoto au matibabu ya mzazi, na siyo rahisi kumwambia mtu mwenye dhiki kwamba asiukate. Makaburi ya zamani yanasafishwa na kuzungushiwa ukuta, na wanaoyasafisha, kwa nia njema kabisa, huona kwamba mti mkubwa ni uchafu au ni hatari, wakauondoa. Vijana waliozaliwa baada ya zile juhudi za kwanza hawakumwona popo akiwa haba, kwa hiyo hawajui kwamba aliwahi kuwa haba, na kitu kilichopatikana bila ya jasho la mtu hakina thamani kwake. Hatari iliyobaki, kwa hiyo, si ya bunduki tena. Ni ya miti, na miti haiokolewi kwa kukamata mwindaji.

Basi niwaombe wenye mamlaka na wenye miti mambo machache kwa uwazi. Masheha wa Pemba, ambao kila mmoja katika shehia yake anajua mti gani popo wamelala, wauandike mti huo, na mwenye mti atambuliwe na apewe sehemu ya ada inayotokana na wageni pale wageni wanapofika, ili asije akaona kwamba wengine wanafaidika na mti wake naye hana kitu. Wasimamizi wa makaburi wakate vichaka wasikate miti, na wapande midogo ya aina ile ile chini ya mikongwe, kwa kuwa mti mkongwe nao una siku yake. Wakulima ambao maembe yao huliwa wafunike matunda yao au wayachume yakianza kuiva, maana popo hupendelea yaliyoiva zaidi, na idara ya kilimo iwasaidie badala ya kuwaachia wao peke yao mzigo wa kiumbe wa dunia nzima. Walimu wa skuli na wa vyuo vya Qur'ani wawapeleke watoto kuwaona. Na wageni na vijana wanaokwenda kuwatazama wasipige makofi wala mayowe ili waruke mchana, kwani popo anayerushwa juani huchoka, na mama aliye na mtoto huweza kumwangusha; wala wasiwaguse walioanguka, kwa kuwa wataalamu wa afya wanatahadharisha juu ya maradhi yanayoweza kupita kutoka kwa popo kwenda kwa watu.

Kwa wasikilizaji wetu mlioko Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam, ambao hamna popo huyu kwenu, msidhani kwamba habari haiwahusu. Karibu kila kijiji cha mwambao kina mti, kaburi, mzimu, ghuba au jiwe la bahari ambalo wazee waliliheshimu kwa sababu ambayo pengine sisi tumekwisha kuisahau, na aghalabu pale ndipo kilipojihifadhi kiumbe ambacho hakionekani tena kwengine. Waulizeni wazee wenu, maadamu wako hai, ni mahali gani palipokatazwa kukatwa au kuvuliwa, na kwa nini. Yaandikeni majibu yao, na kabla mtu hajapeleka shoka au mtego pale, mwende pamoja na sheha au mzee wa mtaa mkamzuie kwa maneno mazuri.